Katoni zilizovuka Horohoro: biashara huria inafika wapi kwenye dawa za shambani

SWALI: "Nina duka dogo la pembejeo Ngamiani, hapa Tanga. Wateja wangu wengi ni wakulima wa machungwa wa Muheza na watu wa mboga wanaoshuka kutoka Lushoto. Mteja mmoja kanionyesha kwenye simu kwamba klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu, imepigwa marufuku Ulaya, akaniuliza mbona namuuzia. Sikuwa na la kumjibu. Wiki hiyohiyo akaja bwana mmoja na katoni za dawa yenye kiambato hichohicho. Zimetoka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya, bei iko chini sana kuliko ya wakala wangu, na lebo ni Kiingereza kitupu. Nikamuuliza vibali, akanijibu: 'Kaka, hii ni Jumuiya, biashara huria, cheti cha uasili ninacho.' Naomba unieleweshe. Kama dawa ni mbaya, kwa nini wazungu wanaitengeneza na kutuletea sisi? Kwa nini serikali isiipige marufuku mara moja? Au tumefungwa na mikataba, tukikataa tutashtakiwa? Na hizi katoni nifanyeje? Bwana anasubiri jibu."

JIBU: Kwa kuwa bwana anasubiri, nianze na katoni. Ndugu yangu, usizichukue. Na sababu yake haihusiani kabisa na Ulaya. Hata klorpirifosi ingekuwa maji ya mnazi, jibu lingekuwa hilohilo.

Alichokuambia ni nusu ya ukweli. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza 2005 unahusu ushuru: bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ivuke mpaka bila kutozwa, na inayotoka nje itozwe kwa viwango vya pamoja. Cheti cha uasili kinajibu swali moja tu, kwamba bidhaa imetengenezwa wapi. Hakisemi kama dawa imepimwa, kama inafaa kwa mchungwa, wala kama inaruhusiwa kuuzwa Tanzania. Askari wa barabarani akikudai leseni ya udereva humwonyeshi kadi ya gari, hata kama kadi yenyewe ni halali.

Kwenye dawa za mimea kinachotakiwa ni usajili, na usajili ni wa kila nchi. Kwetu unasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 na kurithi kazi ya iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI. Nchi za Jumuiya zimekubaliana miongozo ya pamoja kuhusu majaribio na masharti ya usajili, lakini dawa iliyosajiliwa Nairobi haijasajiliwa Arusha hadi Arusha waseme hivyo. Wala hilo si kuvunja ahadi ya Jumuiya. Itifaki ya Umoja wa Forodha yenyewe inaiachia nchi nafasi ya kuzuia bidhaa kwa ajili ya kulinda uhai wa watu, mazingira, wanyama na mimea, na Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika umeacha mlango huohuo.

Hata hicho cheti ningependa kukiona. Dawa nyingi zinazouzwa ukanda huu zimetengenezwa mbali, zikafika kwa mapipa, zikamiminwa kwenye chupa ndogo na kubandikwa lebo. Kubadilisha chombo tu hakuifanyi bidhaa kuwa ya Afrika Mashariki kwa kanuni za uasili. Kwa hiyo inawezekana bwana huyo hana leseni wala hiyo kadi ya gari.

Sasa nije kwa mteja wako na simu yake. Aliyosoma ni kweli. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba haiwezi kutaja kiwango salama cha klorpirifosi kwa mwanadamu, kwa sababu ya mashaka juu ya athari zake kwenye vinasaba na kwenye ubongo wa mtoto unaokua. Januari 2020 kibali chake huko kikakoma. Dawa hii ni ya jamii ya oganofosfati. Mwilini kuna kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva ukishafika kwenye msuli au tezi. Dawa hukifunga kimeng'enya hicho, ujumbe ukaendelea kupigwa bila kuzimwa. Mdudu anakufa hivyo, na mtu anaumwa kwa njia hiyohiyo: mate yanamjaa, jasho linamtoka, mboni za macho zinakuwa ndogo, misuli inatetemeka, kifua kinabana.

Wakala atakuambia hatari inategemea matumizi, na kwamba mkulima akivaa vizuri hakuna tatizo. Kwa maandishi hoja hiyo haina kasoro. Lakini nani wa Muheza atavaa ovaroli nzito, miwani, barakoa yenye chujio na glovu, apande na kushuka mteremko na bomba la lita 15 au 20 mgongoni, mwezi Februari? Wengi utawaona na fulana, kandambili na kitambaa mdomoni, na kizibo cha chupa ndicho kipimo. Dawa inayohitaji mavazi ambayo mtumiaji wake hawezi kuyavaa haifai kuitwa salama ikitumiwa vizuri.

Kuhusu wazungu kuileta, hapo nikurekebishe kidogo kabla ya kukubaliana nawe. Klorpirifosi nyingi ya siku hizi haitoki Ulaya. India na China ndizo watengenezaji wakubwa wa dawa za zamani ambazo hataza zake, yaani haki za mgunduzi, zimekwisha, na ndiyo maana bei yake iko chini. Hivyo marufuku ya Ulaya peke yake haifungi bomba. Malalamiko yako lakini yana msingi kwa dawa nyingine. Parakwati, dawa ya magugu, ni mfano wa wazi: Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni kwake 2007, huku kiwanda cha Huddersfield, Uingereza, kikiendelea kuitengeneza kwa ajili ya nchi nyingine kwa miaka iliyofuata. Sheria ya Ulaya haikukataza hilo. Ilimtaka muuzaji atoe taarifa kwa nchi inayopokea, na kwa baadhi ya kemikali asubiri ridhaa yake.

Utaratibu huo wa taarifa na ridhaa ndio kiini cha Mkataba wa Rotterdam, uliopitishwa 1998 na kuanza kutumika 2004, nasi ni wanachama. Watu wengi huuita mkataba wa kupiga marufuku, na sivyo ulivyo. Kemikali ikiingia kwenye orodha yake, kila nchi hutoa jibu: naipokea, siipokei, au naipokea kwa masharti haya. Majibu hutangazwa kwa wote, na nchi inayouza inapaswa kuhakikisha wafanyabiashara wake wanayaheshimu. Ukisoma Ibara ya 10 utaona wafanyabiashara nao walikuwepo mezani: nchi ikisema siipokei, lazima iikatae kutoka kila upande, na isiruhusu kiwanda cha ndani kuitengeneza kwa soko lake. Huwezi kuifungia India kisha ukamwachia shemeji yako mwenye kiwanda Dar es Salaam.

Tulihitaji mkataba kama huo mapema zaidi. Mwaka 1986 shehena ya takriban tani 170 za viuatilifu, DDT ikiwemo, ilifika Vikuge, Kibaha, kama msaada kutoka Ugiriki. Sehemu yake ilikuwa imekwisha muda. Ikahifadhiwa kwenye shamba la serikali la nyasi za mifugo, jengo likaja kuporomoka, na sumu ikabaki wazi ikinyeshewa. Miaka mingi baadaye watafiti walipochimba udongo wa pale walikuta masalia bado yapo. Hakukuwa na mkataba wa kumlazimisha mtumaji aulize kwanza, na aliyepokea msaada hakuwa na desturi ya kuukagua.

Lakini mkataba huu una udhaifu wake, na udhaifu huo uko palepale biashara inapokutana na afya. Dibaji yake ilivutwa huku na kule mpaka ikasema yote. Inasema sera za biashara na za mazingira zisaidiane; inaendelea kwamba mkataba haubadilishi haki na wajibu wa nchi chini ya mikataba mingine; halafu inaongeza kwamba hilo lisichukuliwe kuwa mkataba huu uko chini ya mingine. Wanasheria wamekula ada nyingi kwenye sentensi hizo tatu. Isitoshe, kuongeza kemikali kwenye orodha kunataka wanachama wote wakubaliane. Asbesto nyeupe, ile iliyomo kwenye baadhi ya mapaa ya saruji ya kijivu ya majengo ya zamani, imependekezwa tangu 2006 na kila mara nchi chache, Urusi na Kazakhstan zinazoichimba zikiwa mbele, zimesema hapana. Kuorodheshwa kusingezuia biashara hata ya gunia moja. Kungemlazimu muuzaji atoe taarifa na kuheshimu jibu la nchi inayopokea, basi. Lakini mchimbaji anajua mnunuzi akishasoma taarifa hiyo huenda akabadili mawazo.

Ufaransa ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya 2018 iliamua kwamba kuanzia 2022 dawa zenye viambato vilivyokatazwa Ulaya kwa sababu za afya au mazingira zisitengenezwe wala kuhifadhiwa huko kwa ajili ya kuuzwa nje. Wafanyabiashara wakaenda Baraza la Katiba wakidai uhuru wao wa kufanya biashara umeminywa. Januari 2020 Baraza likawakatalia, likasema bunge lina haki ya kuangalia madhara yanayotokea hata nje ya mipaka ya nchi. Mimi nafurahia uamuzi huo, ingawa sheria imeacha mwanya: inagusa dawa iliyokamilika, kiambato chenyewe kikaendelea kusafiri.

Sasa tuje kwenye hofu yako ya kushtakiwa. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1995, na kanuni za shirika hilo zinaruhusu hatua za kulinda afya ya watu, wanyama na mimea. Zinadai mambo mawili makubwa: uwe na sababu za kisayansi, na usiwabague wauzaji wa nchi moja huku ukiwapendelea wa nyingine au wako wa ndani. Kesi mbili zinaonyesha hilo linavyofanya kazi.

Ya kwanza ni ya asbesto. Ufaransa iliikataza kuanzia Januari 1997, Kanada iliyokuwa ikiichimba ikashtaki. Mwaka 2001 Chombo cha Rufaa cha shirika hilo kiliipa Ufaransa haki. Kilisema nchi ina uhuru wa kuchagua kiwango cha ulinzi inachokitaka, hata kikiwa cha kutokubali hatari yoyote. Kanada ilidai matumizi ya uangalifu yangetosha, na hoja hiyo ikakataliwa. Unaona ilivyo ndugu moja na hoja ya wakala wako.

Ya pili ni ya nyama ya ng'ombe waliopewa homoni. Ulaya iliikataa, Marekani na Kanada zikashtaki, na 1998 Ulaya ikashindwa kwa sababu haikuwa imefanya tathmini ya hatari inayotosha kuubeba uamuzi wake. Haikulazimishwa kufungua soko. Iliendelea kukataa, na Marekani ikaruhusiwa kulipiza kwa kutoza ushuru wa ziada bidhaa za Ulaya zenye thamani ya dola milioni 116.8 kwa mwaka. Ulaya inaweza kulibeba deni kama hilo. Sisi tungelibeba kwa shida sana.

Kwa hiyo mikataba haijatufunga mikono. Kinachoiangusha nchi ni kukataa bila faili. Na faili ni maabara inayopima, ni hospitali zinazoandika nani kaletwa na sumu gani, ni rejista inayosomeka, ni afisa anayehudhuria vikao vya Geneva akiwa amezisoma karatasi. Nchi yenye vitu hivyo ina uhuru wa kukataa ambao mwenzake asiye navyo hana, hata kama wote wamesaini mkataba mmoja.

Shinikizo la kweli mara nyingi halifiki mahakamani. Mwaka 2019 kamati ya serikali ya Thailand iliamua kukataza dawa tatu: parakwati, klorpirifosi na glifosati, nayo dawa ya magugu. Marekani ikaandika barua kupinga, hasa juu ya glifosati, maana kukataza dawa kunavuta na swali la masalia yake kwenye soya na ngano inayoagizwa kutoka huko. Viwanda vya chakula vya mifugo vya Thailand vinategemea soya hiyo. Kabla Novemba haijaisha kamati ileile ilirudi nyuma kwenye glifosati, ikaibakiza kwa masharti. Zile nyingine mbili zikakatazwa kweli kuanzia Juni 2020. Hakuna kesi iliyofunguliwa. Soya ndiyo iliyoamua.

Na mambo hayo yanatugusa kwa upande wa pili pia, ule wa kuuza. Ulaya ilipoiondoa klorpirifosi ilishusha pia kiwango cha masalia kinachokubalika kwenye chakula mpaka miligramu 0.01 kwa kilo kwa mazao mengi, yaani gramu moja ndani ya tani 100. Mwenye iliki, mdalasini au pilipili manga ya kule Amani, Muheza, anayelenga soko hilo hawezi kucheza na dawa hii, hata iwe na kibali hapa nyumbani. Machungwa ya Muheza yanayovuka kwenda Kenya huenda hayakutani na kipimo kikali hivyo, lakini sipendi mkulima ajenge soko lake juu ya ulegevu wa mpimaji. Ndiyo, ni undumilakuwili: baadhi ya nchi zinakataa masalia ya kemikali ambayo viwanda vyake viliwahi kutuuzia. Hasira hiyo naielewa. Haimpunguzii mkulima mzigo uliorudishwa.

Kwa nini basi isipigwe marufuku mara moja? Kwa klorpirifosi safari imeshaanza. Mei 2025 wanachama wa Mkataba wa Stockholm, nasi tumo, waliamua kuiingiza kwenye orodha ya kemikali za kufutwa duniani, wakiacha misamaha ya muda kwa mazao na wadudu fulani. Misamaha hiyo ndiyo bei ya makubaliano, na wengine wanaiona ni ya kupita kiasi. Mimi naikubali kwa shingo upande. Marufuku ya ghafla kwenye mpaka wenye njia za panya huiondoa dawa kwenye duka lenye leseni ikaenda kuuzwa gulioni kwenye chupa ya maji ya nusu lita, bila lebo, karibu na unga. Hapo mtoto anakunywa. Ningependelea tarehe ya mwisho inayojulikana, fupi, inayotangazwa kwa Kiswahili redioni, pamoja na mbadala uliopo dukani siku hiyo.

Na mbadala upo. Mkulima wa machungwa anayekuja kwako kwa ajili ya inzi wa matunda mara nyingi anapiga dawa pasipofaa, kwa sababu funza ameshaingia ndani ya tunda na dawa imebaki juu ya ganda. Mitego yenye kivutio cha madume, chambo cha protini kinachopakwa mahali padogo kwenye mti, na kuokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia au kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani, vitamsaidia zaidi. Inataka wenye mashamba jirani wafanye pamoja. Mmoja akilegea, inzi wake ni wa wote. Utafiti wa kilimo una kituo Mlingano, hapohapo Muheza, na bwana shamba wa kata anaweza kukuunganisha nao. Ukiuza mitego hiyo utakuwa na jibu la kumpa mteja wako, na faida pia.

Sasa dukani kwako. Chukua kila chupa ya klorpirifosi uliyonayo, soma namba ya usajili kwenye lebo, na uwaulize TPHPA kama usajili bado ni hai, kwa mazao yapi, na kama kuna tarehe ya mwisho ya kuuza. Usitegemee neno langu wala la wakala, maana hali ya dawa hii inabadilika wakati huu. Lebo halali ya nchini ina maelezo ya Kiswahili na mkanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, nyekundu ikiwa kali kuliko zote. Ukiambiwa dawa imeondolewa, itenge, ifungie, andika idadi, na mdai aliyekuuzia airudishe. Usiimwage mtaroni, usiichome, usiifukie uani: Tanga maji ya mtaro yanaishia baharini, na Vikuge imeshatuonyesha udongo unavyotunza kumbukumbu. Kuteketeza ni kazi ya wenye kibali, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, watakuelekeza.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kama wewe au kijana wako wa dukani mnaumwa kichwa, macho yanatoa machozi au mikono inatetemeka baada ya kupanga mzigo au kupimia dawa, nendeni hospitali ya Bombo siku hiyohiyo na chupa au picha ya lebo. Daktari anahitaji jina la kiambato ili ajue tiba, na kusubiri kesho kunaweza kugharimu pumzi. Maziwa hayatoi sumu hii. Kama umeshalipia sehemu ya zile katoni, au mzigo umekamatwa kwa jina lako, tafuta wakili kabla ya kuandika maelezo yoyote.

Kama hujalipa, mwambie yule bwana akuletee namba ya usajili ya Tanzania, kibali cha kuingiza na risiti ya forodha, upige picha, uzipeleke kwa wakaguzi wa afya ya mimea waliopo mpakani au bandarini. Peleka karatasi peke yake. Katoni ziache mikononi mwake, kwa sababu ukikutwa nazo njiani unazipeleka kukaguliwa, kwa macho ya mkaguzi mzigo ni wako.